Bunduki ya marisau ya kuwindia na ya visahani vya udongo: nitajuaje kwamba inanikaa?

Swali
Wakuu, habari zenu. Nataka kununua bunduki yangu ya kwanza ya marisau (vidonge vidogo vinavyotawanyika), geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, ya kuwindia ndege na kupigia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Nimejaribu mbili za kuazima: ya kwanza iliniumiza shavu kila nilipofyatua, na ya pili haikuniumiza lakini nilikosa karibu visahani vyote, mwalimu akasema marisau yanapita juu. Niangalie nini kabla ya kutoa fedha?

Jibu la 1
Ndugu, bunduki hii haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo hicho ni jicho lako, na umbo la kitako ndilo linaloamua jicho likae wapi. Shavu likikaa juu mno, marisau yanapita juu. Likizama mno, yanapita chini.

Dukani, ifungue kwanza na uhakikishe kwa macho yako kwamba haina risasi. Kisha kazia macho alama iliyo mbali, yafumbe, pandisha bunduki begani mpaka shavu litulie kwenye kitako, ndipo uyafumbue. Ukiona kishanga cha mbele, yaani kitufe kidogo kilicho mwishoni mwa mtutu, kimekaa katikati juu ya mtutu, inakufaa. Ukiuona mtutu wote kama barabara inayopanda mlima, kitako kiko juu. Usipoona kitu ila sehemu ya nyuma ya bunduki, kiko chini. Rudia mara kumi, kwa sababu mara ya kwanza shingo hujipinda ili kuifuata bunduki, nawe ukadhani inakukaa.

Jibu la 2
Naongeza urefu, yaani kutoka kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sentimita 36 hivi. Kikiwa kirefu hunasa kwapani, kikiwa kifupi kidole gumba hukupiga pua. Kati ya pua na gumba ibaki nafasi ya vidole viwili. Nenda umevaa koti lako la kuwindia.

Kwa uzito sina budi kusema wazi: ya kuwindia yenye kilo 3 hubebeka kutwa, lakini kwenye visahani, ambako mtu hupiga risasi 100 kwa siku, kilo 3.5 hupunguza teke na hutulia zaidi mkononi. Epuka zilizoundwa kwa visahani vinavyopaa tu, maana hupiga juu kwa makusudi.

Muuliza
Nawashukuru sana. Nimenyoosha kidole kwenye kitasa cha mlango, macho yote wazi, kisha nikafumba la kushoto: kidole kikahama. Hapo nimegundua kwamba jicho langu la kushoto ndilo linaloongoza, yaani ndilo ninalolengea bila kujua, ilhali nafyatulia bega la kulia.

Jibu la 1
Basi, kwa kuwa bado u mgeni, anzia bega la kushoto sasa hivi, na utafute kitako kilichopindwa kidogo upande huo. Kabla ya kukichonga, piga karatasi kubwa kwa umbali wa mita 15 bila kulenga kwa muda mrefu: marisau yakikengeuka sentimita 5, kitako kinahitaji kusogezwa kama milimita 3.