Moshi mzito wa vepu: meki, modi ya chipu au tanki tu? Naombeni ulinganisho

KijanaWaSinza
Wakuu habari za jioni. Mi nilikuwa mtu wa shisha mpaka ilipopigwa marufuku 2016, tangu hapo nikawa nabangaiza tu, sahivi natumia hizi vepu za kutupa. Ladha ziko poa ila moshi hamna, unapuliza na hakuna anayegeuka kukuangalia. Naona mtandaoni madogo wa Indonesia na Ufilipino wanatoa wingu linameza chumba kizima, pete inapita ndani ya pete, aisee hiyo ndo starehe ninayoitaka. Sasa kuna jamaa Kariakoo ananiuzia meki (bomba la betri lisilo na chipu) na dripa yake (kichwa unachodondoshea juisi mwenyewe) kwa bei ya kutupa, mwingine anasema chukua modi ya chipu (mashine yenye chipu ya kudhibiti umeme) ya betri mbili, wa tatu anasema tanki la koili za kununua linatosha kabisa. Naomba mliotumia mniambie ipi inatoa moshi zaidi na ipi haitanilipukia mdomoni, maana wife kashaanza kunisomea habari za watu kulipukiwa.

MtotoWaKizingo
Kaka karibu. Kwanza jua wingu halitokani na jina la mashine, linatokana na waya (ndo koili), hewa na juisi (likwidi ya vepu). Waya ukiwa mwingi na wa moto unageuza juisi nyingi kwa mpigo mmoja, matundu ya hewa yakiwa mapana unavuta moja kwa moja hadi kifuani kama ulivyokuwa unavuta shisha, na juisi ikiwa VG asilimia 70 kwenda juu ndo moshi unakuja mweupe mzito. VG ni gliserini, PG ni nyepesi, yenyewe inabeba ladha na kukwaruza koo. Hizo zako za kutupa hewa imebanwa makusudi, hata uvute mpaka macho yatoke hupati kitu.

Haya, meki. Mwaka 2013 huko modi za chipu zilikuwa zinaishia wati 30 hivi, kwa hiyo aliyetaka wingu hakuwa na njia ila meki na dripa, na mashindano ya Marekani yalianzia hapo, watu wanasimama mbele ya ukuta uliochorwa vipimo waamuzi wanaangalia wingu la nani limefika mbali. Sifa ya meki imebaki kutoka enzi hizo. Leo modi ya chipu ya betri mbili inatoa wati 200 na hujui hata pa kuzipeleka, kwa moshi hazipishani tena. Anayekwambia meki ina moshi zaidi anakuuzia historia.

Tanki ni la mvivu (mimi mwenyewe siku za kazi natumia tanki). Unajaza juisi, koili ikiungua unabadilisha, basi. Moshi wake kwa wati 60 mpaka 80 unatosha kabisa kumkera jirani. Dripa ina moshi zaidi na ladha zaidi ila kila baada ya pafu chache unadondosha juisi upya, unasuka koili mwenyewe, unaweka pamba ya kunyonya juisi, ukiinamisha inamwagika suruali. Mi ningekwambia modi ya chipu na tanki, dripa utanunua baadae ukishazoea.

Fundi_Ampea
Mi sivuti chochote, ni fundi umeme, nachangia upande wa betri tu.

Meki ni bomba la chuma, betri na swichi. Hakuna kitu katikati, kwa hiyo umeme unaopita unaamuliwa na koili peke yake, volti gawanya kwa omu (ukinzani wa koili), hesabu ya fomu two. Betri ya 18650 (saizi ya betri hizi za duara) ikijaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.3 inavuta ampea 14. Ya 0.2 inavuta 21. Ya 0.15 inavuta 28, na hao wa mashindano wanaoshuka hadi 0.1 wanavuta 42. Sasa twende kwenye betri zenyewe: Samsung 25R inaruhusiwa ampea 20 mfululizo, LG HG2 nayo 20, Sony VTC5A 25. Unaona pengo hapo? Huyo wa 0.1 anaendesha betri mara mbili ya uwezo wake na kaiweka sentimita chache kutoka kwenye meno.

Betri ya lithiamu ikizidiwa inapata joto, joto linazalisha gesi, gesi ikikosa pa kutokea bomba la chuma linageuka bunduki. Sio stori za kutishana. Florida mwaka 2018 mtu alikufa kwa kipande kilichoruka kikaingia kichwani, Texas 2019 kijana mwingine chuma kilimkata mshipa mkubwa wa shingo.

Na meki nyingi dripa inakaa moja kwa moja juu ya betri. Kama ile pini ya katikati ya dripa haijachomoza vya kutosha, ukingo wa nje unagusa ncha ya betri na hapo umepiga shoti. Muulize huyo muuzaji wa Kariakoo pini yake imechomoza kiasi gani. Akikushangaa, ondoka.

Gerezani_boy
@Fundi_Ampea vipi betri za laptop mbovu mkuu? Tunazitoa tunatengenezea pawabenki zinapiga kazi fresh tu, ni hizohizo 18650

Fundi_Ampea
Umbo hilohilo, kazi tofauti. Ya laptop imetengenezwa itoe umeme kidogo kwa muda mrefu, nyingi ukizivuta zaidi ya ampea 5 hivi unazitesa. Kwenye pawabenki sawa. Kwenye koili ya 0.2 inayotaka 21, usithubutu. Na zile za madukani zenye ganda jekundu limeandikwa 9900mAh ni uongo wa mchana kweupe, 18650 nzuri ya kuvepu ipo kati ya 2500 na 3000, ukiona namba kubwa vile ujue ni betri ya hovyo imevalishwa ganda jipya.

KijanaWaSinza
Daah. Kwa hiyo kwenye chipu omu hazina neno?

Fundi_Ampea
Kwenye chipu ampea zinafuata wati ulizoweka. Chipu inapima koili, inakata ikiona shoti, inakata betri ikiishiwa. Lakini usilale. Modi ya betri moja ukiiweka wati 80 na betri imeshuka hadi volti 3.2, hapo inavutwa ampea 25, karibu sawa na meki ya 0.15. Ndo maana wanasema betri mbili, mzigo unagawanyika, wati 100 kwa betri mbili ni kama ampea 16 kwa kila moja. Hapo unapumua. Na hizo mbili ziwe pacha, zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, usichanganye mpya na ya zamani.

MzeeWaEmbassy
Vijana mnaogopa sana. Mimi nimevuta sigara tangu sekondari, nimeacha kwa hii vepu na kikohozi cha asubuhi kimekwisha. Waingereza wenyewe, idara yao ya afya, 2015 walisema vepu ina nafuu kwa asilimia 95 kuliko sigara. Mwacheni mtoto apulize moshi wake, ni mvuke wa maji ule.

DadaNesi
Shikamoo mzee, na hongera sana kwa kuacha sigara, hilo sikupingi hata kidogo. Ila sio mvuke wa maji. Ni matone madogo sana ya gliserini na PG yenye ladha na nikotini ndani yake, yanatua kwenye mapafu yako, mengine kwenye kochi na kwa mtoto aliyekaa pembeni. Na ile asilimia 95 ilikuwa inalinganisha na sigara, na wapo wataalamu walioipinga mwaka huohuo. Sasa kaka hapo juu hajasema anavuta sigara. @KijanaWaSinza unavuta?

KijanaWaSinza
Hapana dada, shisha tu na hizi za kutupa.

DadaNesi
Basi hesabu ya mzee sio yako. Yeye katoka pabaya kaja pazuri kidogo, wewe unaongeza.

Halafu kuna jambo halijaguswa, nikotini. Za kutupa nyingi zina nikotini ya solti (chumvi) ya miligramu 20 mpaka 50 kwa mililita, kwa sababu zinatoa moshi kidogo. Mtu wa mawingu anatumia miligramu 3, kwa sababu kwa siku anaweza kumaliza mililita 10 au 15 za juisi wakati pod ndogo (vepu ndogo ya katriji) ni mililita 2. Ukichukua ile juisi ya 50 uliyozoea ukaimimina kwenye dripa ya wati 100 ukavuta hadi kifuani, utatapika, moyo utakimbia, utatoka jasho, na ndugu zako watakuja kutuamsha zamu ya usiku. Soma chupa. Chupa zenyewe ziwekwe juu mbali na watoto, likwidi ya nikotini ikinywewa ni sumu.

ChekaTaratibu
Si ndo hayo mawingu yaliua watu Marekani 2019? Mapafu yaliharibika watu kibao

DadaNesi
Watu 2,807 walilazwa au kufa mpaka Februari 2020, na waliokufa kati ya hao ni 68. Lakini kilichoonekana kuhusika zaidi ni asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye katriji za mafuta ya bangi za mtaani, sio wapiga mawingu wa juisi ya kawaida. Tusitishane kwa kitu kisichohusika. Kinachohusika ni joto. Mwaka 2015 watafiti wa Portland walipima moshi wa vepu kwenye volti 3.3 hawakuona fomaldehidi, walipopandisha hadi volti 5 ikaonekana nyingi, na hiyo ni kitu cha kusababisha saratani.

MtotoWaKizingo
Dada hapo lazima niwatetee wenzangu, huo utafiti ulijibiwa mwaka huohuo. Wengine walijaribu na wavutaji wenyewe, nguvu ikizidi pamba inakauka na inaungua na hakuna mtu anayeweza kuvuta ile kitu, unakohoa unatupa. Mashine haina koo, inaendelea kuvuta tu.

DadaNesi
Sawa nakubali, ila nani anakausha pamba mara nyingi kuliko mtu wa dripa kwenye wati 120 anayeonyesha wenzake pete? Hilo pafu moja la kuungua mnalipata sana, we mwenyewe unajua.

MtotoWaKizingo
Hehe hapo umenikamata. Kweli, hasa ukiwa kwenye baraza watu wanaangalia, hukumbuki kudondosha juisi. Dawa yake ni kuloweka pamba vizuri na kutopandisha wati ovyo. Wingu la wati 80 na la wati 150 kwenye picha yanafanana.

Na ladha za siagi siagi zile, kastadi, popukoni, ziangalieni. Nyingine zina diasetili, ndo kemikali ile iliyoharibu mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha popukoni kule Missouri, kesi zao ziliripotiwa mwaka 2000. Kwa kuvepu sijasikia mtu aliyethibitishwa kupata ugonjwa ule lakini kwa mililita 15 kwa siku mimi navuta matunda tu.

SharjahKwaMuda
Nawasalimu kutoka huku Emirati, huku vepu ziliruhusiwa 2019 maduka kibao. Naongeza la safari tu maana limewakuta watu. Betri na modi zinapanda na wewe ndani ya ndege, usiweke kwenye begi la chini. Ukivuka kwenda Oman kuuza ni marufuku, Singapore hata kukutwa nayo ni kosa tangu 2018, na Uganda sheria yao ya 2015 imezuia kuingiza na kuuza. Wenye ndugu Kampala msiwabebee zawadi hizo.

Na betri za akiba zisikae mfukoni na funguo au sarafu jamani. Kijisanduku cha plastiki ni bei ya soda. Majeraha mengi yanatokea mfukoni, kwenye paja, sio mdomoni.

Otis_254
Maze huku Nairobi shida sio kulipuka ni bei, ushuru wa likwidi unahesabiwa kwa mililita tangu 2022, sasa fikiria msee wa mililita 15 kwa siku. Mi nilirudi kwa pod ndogo, mawingu ni ya matajiri.

KijanaWaSinza
Asanteni wakuu, nimeelewa zaidi ya nilichouliza. Meki naachana nayo. Nataka modi ya chipu ya betri mbili, tanki, juisi ya VG 70, na dada nesi nimekusikia, naanza na miligramu 3 na pengine sifuri kabisa maana mi nataka moshi, nikotini sikuwahi kuihitaji. Wife naye kasema balkoni tu, ndani hapana.

DadaNesi
Sifuri ndo bora kwako. Bado unavuta gliserini ya moto, usije ukaniambia nilikuruhusu. Una pumu?

KijanaWaSinza
Nilikuwa nayo utotoni, ilipotea.

DadaNesi
Basi kabla ya kununua chochote nenda kapimwe kifua. Sitanii.

Kigoma_Moja
Wakuu samahani kuingilia uzi, mi nimenunua meki ya mtumba ile ya betri mbili moja juu ya nyingine, koili aliyoniachia imeandikwa 0.3, nimeshaweka betri. Hapo kwa hesabu ya Fundi ni ampea 14 si ndio, niko salama?

Fundi_Ampea
HAPANA. Zikipandana volti zinajumlishwa, 8.4 sio 4.2. Ampea 28, wati zaidi ya 230, kwenye bomba lisilo na kinga yoyote. Usibonyeze. Zitoe sasa hivi kisha uniambie zimeandikwa nini na ganda likoje kwenye ncha ya juu.

Kigoma_Moja
Nimezitoa. Moja Samsung, nyingine imefutika maandishi, ganda limechanika kidogo juu

Fundi_Ampea
Hiyo iliyochanika ziba ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, usiichaji tena, iweke nje mbali na vitu vya kuungua mpaka upate pa kuipeleka. Ya Samsung piga picha namba zake weka hapa.