Wavuvi wa krapi wa Kentucky, huu uchoyo wa kuficha machimbo ya samaki umezidi

Wakuu, sizunguki. Kila vuli ikiingia, sisi Waswahili tunaovua krapi (crappie, samaki wa maziwa ya huku Marekani) hapa Kentucky tunageukana. Mwezi wa nne, samaki wakiwa wamejaa pembeni wanataga na hata mtoto anawapata, kila mtu ni ndugu, kila mtu anaelekeza. Ukifika mwezi wa kumi, samaki wakianza kutafutwa kwa akili, midomo inafungwa. Kwenye kundi letu la mtandaoni zinamiminika picha tu. Juzi kuna aliyeweka krapi wamepangwa juu ya mfuniko wa boksi la barafu, wanene kwelikweli, halafu nyuma yao kapaka rangi kwa kidole ili gati na miti ya ng'ambo visionekane. Mtu akamuuliza kwa adabu, "Kaka, upande gani huo?" Akajibiwa, "Ziwani."

Ziwani! Kentucky Lake lina urefu wa maili 184, linakatiza mpaka Tennessee, na mwenzio unamjibu ziwani.

Hata hivyo, kunyimwa jibu ningekumeza. Kilichonifungulisha uzi huu ni alichofanyiwa mzee wetu mmoja Mkongo, mtu aliyekulia kando ya Tanganyika, mvuvi tangu utotoni. Aliuliza kundini, akasalimia vizuri, akasema anataka kuwapeleka wajukuu. Mtu akamtumia lokesheni pembeni. Mzee akaendesha kutoka Louisville, zaidi ya saa tatu, na watoto, na barafu, na chambo hai alichonunua njiani. Kufika, hori limekauka nusu, tope tupu, visiki vimetoka nje. Wakashinda pale mpaka jioni, hakuna hata chelezo lililocheza.

Lokesheni yenyewe ni ya kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Lile ni hori la mwezi wa nne. TVA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloendesha bwawa la ziwa hili tangu 1944, huanza kulishusha ziwa kiangazi kikiwa bado hakijaisha, kutoka futi 359 juu ya usawa wa bahari kuelekea futi 354 za msimu wa baridi. Futi 5 kwenye hori la kina kifupi ndiyo maji yenyewe hayo. Kila anayevua kule analijua hilo, na aliyemtuma mzee analijua kuliko wengi. Kampa mahali pa kweli kwa majira ya uongo, ili kesho akiulizwa aseme, "Mbona nilikuelekeza?" Kumfanyia hivyo mtu mzima mbele ya wajukuu wake! Kwetu tungeitwa kwenye kikao.

Na hayo machimbo mnayoyalinda ni ya nani hasa? Idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo inazamisha miti na vichaka ziwani makusudi ili samaki wapate pa kujishikiza, halafu inaweka ramani na majira-nukta ya GPS kwenye tovuti yake, wazi, bure. Fedha zinatoka kwenye leseni zetu, pamoja na kodi ya vifaa vya uvuvi inayorudishwa majimboni kwa sheria ya tangu 1950. Ndoana za yule mzee zimechangia kichaka unachomficha.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Zamani chimbo likivuja walikuja watu wawili watatu. Leo anakuja mtu na sona inayomwonyesha samaki mmoja mmoja kwenye kioo, na kichaka kidogo kinaweza kuchotwa wikendi moja. Na kuna waliokata mierezi wenyewe, wakaifunga matofali, wakaizamisha kwa mikono yao. Hao waache wafiche, ni jasho lao. Mwambie mtu, "Hili sisemi, mzee wangu," atakuelewa. Kunyamaza si tusi. Kumpoteza mtu njia ni tusi.

Lakini cha kushangaza zaidi, chimbo la vuli halikai. Maji ya juu yakipoa, yale matabaka ya kiangazi yanavunjika, hewa inachanganyika juu mpaka chini, krapi wanatawanyika na kwa muda hawakamatiki kirahisi. Baadaye wanawafuata shad, vile visamaki ambavyo krapi huvila, kuingia kwenye vijito. Kwa hiyo anza kwenye mdomo wa kijito, fuata ukingo wa mkondo wa zamani uliozama, angalia visiki na vichaka kwenye futi 10 mpaka 20, na baridi ikizidi tafuta kina zaidi. Ulipowapata wiki hii, wiki ijayo huenda hawapo. Mtu analinda sehemu ambayo samaki wenyewe wameshaihama!

Na ukishawapata, usishushe chambo mpaka chini. Krapi hutazama juu kusaka chakula, kwa hiyo kiweke futi moja au mbili juu yao. Akinasa, usivute kwa nguvu. Mdomo wake laini kama karatasi, unachanika ukiwa unamwona kabisa pembeni ya boti. Mwingizie wavu chini yake, ndipo umnyanyue. Haya nimefundishwa na watu ambao hawakuninyima, tena Wamarekani nisiowajua, pale gatini.

Sasa naomba hivi. Aliyemtuma mzee anajijua, na namba ya mzee anayo. Ampigie leo, amtake radhi, na msimu huu ampakie kwenye boti lake yeye na wale watoto. Asipofanya hivyo, mzee na wajukuu nitawachukua mimi, na picha nitaweka kundini bila kufuta gati wala mti. Mwenye kukwama kuisoma ramani ya vichaka ya idara aniandikie hapahapa, nitamwelekeza.

Nawasilisha.