Naomba ushauri: tiba ya mazungumzo kwa binti wa darasa la saba, Tanga

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Nipo Makorora, namlea binti wa marehemu kaka yangu. Tangu msiba, mtoto kabadilika. Akifanya hesabu anaandika, anafuta, anaandika tena mpaka karatasi inatoboka. Usiku halali, asubuhi tumbo linamsokota, na hospitali vipimo vyote safi. Bibi yake kashikilia kwamba ni shetani, apelekwe kwa mganga. Dua tunamsomea, sina ugomvi nayo, ila naona kuna kitu kimemkaa moyoni.

Nimesoma kwamba tiba ya mazungumzo kwa watoto si kukalishwa na kuhojiwa kama polisi. Wadogo huchora na kucheza. Wa umri wake hufundishwa kulitambua wazo linalomtia hofu na kulipima kama ni kweli, na mlezi naye hushirikishwa. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ninayo, lakini nataka mtu wa kukaa naye ana kwa ana.

Je, pale hospitali ya Bombo hapa Tanga yupo mtaalamu wa tiba hii kwa watoto, au ni mpaka Muhimbili, Dar? Bima inagusa? Na atakayoyasema mle ndani, mimi naambiwa yote? Hili ndilo linalonisumbua, maana kashanambia, "Shangazi, sitaki watu wajue."