Difensi ya Lions inacheza nje kwenye baridi Chicago jumapili, niiache au niitoe? (fantasi)

Mtanga_GR:
Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni ushauri kwa mnaofuatilia mpira wa Kimarekani, najua humu hamkosekani hasa nyie wa Minnesota na Chicago.

Kazini kwetu hapa Grand Rapids, Michigan, tuna ligi ya fantasi ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani), yaani unachagua wachezaji wa kweli na difensi ya timu moja, wakicheza vizuri unapata pointi, hela yenyewe siyo nyingi ila maneno ya kantini ndo yanaumiza, na jumapili hii nacheza nusu fainali na supavaiza wangu. Msimu mzima difensi yangu ni Detroit Lions na wamenibeba sana wakiwa nyumbani Ford Field. Sasa wiki hii wanaenda Chicago, Soldier Field, uwanja wazi kabisa pembeni ya ziwa, utabiri unasema nyuzi 18 za Fahrenheit, yaani kama -8 kwa Selsiasi tuliyoizoea sisi, na hapo upepo bado hujauhesabu. Watu wote kazini wananiambia timu ya uwanja wenye paa ikitoka nje kwenye baridi difensi inakwisha, nikifungua mdomo tu wananitajia ile mechi ya Carolina ya 2022.

Ni kweli au ni stori za kijiweni? Na kama ni kweli sababu ni nini, maana baridi si wanaipata wote wawili? Kuna difensi nyingine iko huru naweza kuichukua, ya kawaida tu, ila inacheza ndani. Nina mpaka jumamosi usiku.

Mzee wa Mabibo:
Mkuu hapo kwenye -8 watu wanaacha jiko wanaenda kukaa uwanjani masaa matatu? Nasubiri wajuzi, mie nipo kwa ajili ya kusoma tu.

BaridiKali_MN:
Niko Minneapolis miaka mingi bana, hii mada naijua. Stori nyingi hapo ni za kijiweni ila siyo zote.

Vikings, timu ya huku Minnesota, zamani walikuwa wanacheza nje, Metropolitan Stadium, mpaka 1981. Kocha Bud Grant alikuwa anakataza hita pembeni ya uwanja, glavu pia hataki, na difensi yake ya kina Alan Page na Carl Eller timu zilikuwa zinaiogopa Desemba kuliko mwezi mwingine wowote. 1982 wakahamia ndani, Metrodome, ndo maneno ya "wamelainika" yakaanza na hayajaisha mpaka leo. Ila sasa angalia Januari 2016, walikuwa wanatumia uwanja wa chuo kikuu wakati wa kwao unajengwa, mechi ya mtoano na Seattle, -6 Fahrenheit, hiyo ni -21. Difensi haikuruhusu hata pointi moja robo tatu nzima! Mechi ikaisha 10-9 wamepoteza, na aliyewapoteza ni mpigaji Blair Walsh, kakosa kiki ya goli ya yadi 27 mwishoni. Kwa hiyo kwenye fantasi ungekuwa na ile difensi siku ile ungelala usingizi mzuri, mwenye huyo mpigaji ndo alilia.

Supavaiza_Hajui:
Sasa mkuu hapo juu unamdanganya, Vikings msimu ule walikuwa wanacheza nje nyumbani kwao, walishazoea. Lions tangu 1975 wako ndani, kwanza Silverdome pale Pontiac halafu Ford Field kuanzia 2002. Kule Carolina 24 Desemba 2022 Lions waliruhusu yadi 320 za kukimbia tu, yadi 570 kwa jumla, rekodi ya klabu kwa wale Panthers, na kwa uwanja ule ilikuwa mechi ya baridi kuliko zote, nyuzi 20. Wamefungwa 37-23. Hiyo siyo stori ya kijiweni hiyo ipo kwenye rekodi. TOA HIYO DIFENSI.

dada_wa_aurora:
Hiyo mechi ya Carolina kila mtu anaitaja na hakuna anayeifikiria. Panthers ni wa Charlotte jamani! Charlotte ni kusini kule, wale baridi nao wanaionea kwenye tivii, na uwanja wao una nyasi bandia tangu 2021 kama za Ford Field tu. Kwa hiyo kama baridi ndo iliua difensi ya Detroit kwanini haikuwaua Carolina? Wakimbiaji wa Carolina, Foreman yadi 165 na Hubbard 125, walikuwa wanapita kwenye matundu makubwa, watu wanakosea nafasi zao tangu mwanzo kabla hata vidole havijapoa.

Na sijui kwanini watu husimulia nusu. Wiki mbili baadaye, 8 Januari 2023, Lions walewale wakaenda Green Bay usiku, uwanja wa wazi wa Lambeau, wakashinda 20-16 wakawatoa Packers kwenye mbio za mtoano, Kerby Joseph kanasa pasi ya Aaron Rodgers. Difensi ileile msimu uleule wa baridi.

Sasa Mtanga, ulichouliza kina jibu, ila halipo kwenye kipimajoto. Difensi ya uwanja wenye paa ikitoka inapoteza KELELE. Ford Field kelele zinagonga paa zinarudi, kotabeki wa wageni (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) hasikiki, wazuiaji wake wanalazimika kuutazama mpira ndo wajue umeanza, wale wa Detroit wanaomkimbiza kotabeki wanakuwa wameshaondoka kidogo kabla yao. Ndo hapo kumwangusha kotabeki kunapotoka. Chicago kotabeki wa nyumbani anaongea na watu wake taratibu kabisa, watu wanakuwa kimya makusudi ili asikike. Ungetoka kwenda hata Miami kwenye jua hiyo faida ungeipoteza vilevile.

Kipenga1:
^^ huyu dada apewe ofisi

Namba_54_mstaafu:
Mimi nimecheza huu mchezo hai skuli Wisconsin, nyuma ya mstari wa mbele, kwa hiyo ngoja niongezee ya mwilini maana dada ameongea ya kichwani na yuko sahihi. Kwanza ardhi. Soldier Field ni nyasi halisi, ikiganda inakuwa ngumu juu halafu kuna sehemu ina utelezi, ukizoea nyasi bandia mwaka mzima mguu wako unategemea kwamba ukikata kona utashika, sasa njumu ukikosea kuchagua siku hiyo unateleza na anayekimbia na mpira yeye anajua anaenda wapi wewe unamfuata, anayefuata ndo anaumia zaidi. Pili kukaba. Baridi ikiingia mtu hataki kugongana, ni ubinadamu tu, anaanza kurusha mkono badala ya kuweka bega, na mkono ule umekufa ganzi hauwezi kumshika mtu wa kilo 100, anapita. Hii inaanza kipindi cha pili, kipindi cha kwanza damu bado ina moto. Kina Lions wana mabenchi yenye joto na wanajipaka mafuta mazito mikononi, inasaidia ila haimalizi.

Tatu mpira wenyewe. Unajazwa ndani kwenye joto, presha PSI 12.5 mpaka 13.5, ukitoka nje presha inashuka na ngozi inakuwa inateleza. Hii ni NZURI kwako maana mipira inadondoka, na ligi nyingi za fantasi zinatoa pointi 2 difensi yako ikiuokota.

BaridiKali_MN:
Supavaiza_Hajui hayo ya 1975 nimekubali, ila nawe mtafutie Atlanta ya Januari 2003, timu ya ndani kabisa, imeenda Lambeau theluji inaanguka, imewafunga Packers 27-7, na Packers hawakuwa wamewahi kupoteza mtoano nyumbani. Pointi 7 tu!

Supavaiza_Hajui:
Na Saints wa New Orleans, timu ya ndani pia, walipoenda Chicago Januari 2007? Soldier Field hiyohiyo, wakafungwa 39-14. Hutaki kuisema hiyo.

dada_wa_aurora:
Naisema mimi. Saints siku ile walipoteza mipira hovyo, difensi ikawa inarudishwa uwanjani kila saa, mara mpira uko karibu na goli lao. Na 10 Desemba 2023 Lions hapohapo Chicago ikawa kitu kilekile, wanaongoza 13-10 mapumziko, kipindi cha pili hawakupata hata pointi moja, kotabeki wao Goff ananaswa pasi, mwisho wakafungwa 28-13. Ndo maana nasema ukiwa na difensi ya timu ya ndani angalia kotabeki wao kwanza. Asipoushika mpira vizuri difensi yako inalipa bili.

Mtanga_GR:
Dah asanteni sana wakuu, mmenipa shule. Sasa kwa hesabu hiyo nikibaki na Lions natakiwa niangalie nini jumamosi kabla ya kufunga?

Namba_54_mstaafu:
Upepo. Baridi kavu ya 18 bila upepo watacheza mpira wao wa kawaida tu. Upepo ukifika maili 20 kwa saa kutoka ziwani, Chicago watakimbia na mpira mchana kutwa, utapata kuangusha kotabeki kuchache ila na pointi watakazofunga Chicago zitakuwa chache. Halafu angalia ripoti ya majeruhi, wale wawili wakubwa wa Lions wa katikati mstari wa mbele. Wakiwepo wote wawili, baki na Lions. Mmoja akikosa na upepo upo, chukua hiyo ya ndani usijiulize.

dada_wa_aurora:
Nakubaliana naye. Na kama kipa wako wa kiki, samahani mpigaji wako 😂, anacheza hiyohiyo Soldier Field, huyo ndo wa kumtoa leo leo.

Mtanga_GR:
Ndo huyohuyo dada yangu. Naenda kumtoa sasa hivi.

Mzee wa Mabibo:
Supavaiza_Hajui mbona umekazana sana, isije ikawa wewe ndo supavaiza mwenyewe?