Naomba ushauri: nikae wapi Mwanza kuangalia vimondo vya Desemba?

Habari zenu wakuu. Mwaka jana, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, nilipanda na mwanangu wa darasa la tano juu ya jiwe nyuma ya nyumba, hapa Mabatini. Tulitandika mkeka tukalala chali kuanzia saa tatu. Tukaona vimondo viwili tu! Kufika saa tano mawingu yakatoka ziwani yakafunga kila kitu, na mbu walikuwa wameshatumaliza.

Baadaye nikasoma kwamba hivi vya Desemba, Jeminidi, ni vumbi la asteroidi Phaethon iliyogunduliwa 1983, na vinaonekana kama vinatokea kwenye kundi la nyota la Mapacha. Kwetu kundi hilo hufika juu kabisa kama saa nane usiku, upande wa kaskazini. Kumbe tuliwahi mno.

Safari hii nafikiria Igombe au Kayenze, mbali na taa za mjini. Ila huko kaskazini ndiko ziwa liliko, na usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa mpaka maji yanaonekana kama mtaa. Je, zinasumbua macho, au ukilala chali huzioni? Na usalama wa kukaa ufukweni na mtoto saa nane usiku ukoje? Nianzie kwa mwenyekiti wa mtaa?

Au niachane na mvua za Desemba nisubiri vile vya nyota mkia ya Halley, mwanzoni mwa Mei alfajiri? Mtoto ananiuliza kila siku.