JPanel haisikii mishale ya kibodi nikishabonyeza batani

mgeni_wa_java
Wakuu habari zenu, nina kagemu kadogo ka Swing (maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha na batani), kiboksi kinatembea kwa mishale ya kibodi, nimeweka KeyListener (kisikilizi cha kibodi) kwenye JPanel (paneli ninapochorea) na ilikuwa inapiga kazi fresh kabisa mpaka nilipoongeza batani ya "Anza", sasa nikishaibonyeza tu kwa mausi kiboksi kinaganda, nibonyeze mishale mpaka kesho hakisogei. Erro hamna. Nimeweka println ndani ya keyPressed, ile inayoitwa kibonyezo kikibonyezwa, haichapi kitu. Nakosea wapi jamani?

babu_kodi
Fokasi hiyo mkuu, yaani nani anasikiliza kibodi kwa sasa. Ivento za kibodi zinaenda kwa kitu kimoja tu, chenye fokasi, na batani ulipoibonyeza ikaichukua. Bonyeza spesi uone, batani itajibonyeza yenyewe, ndo utajua nani kaishika kibodi 😂 Weka panel.setFocusable(true), halafu mwisho wa kodi ya batani ita panel.requestFocusInWindow(). Au batani.setFocusable(false), yaishe.

usiku_mwema
Itafanya kazi ila ni kiraka tu, siku ukiweka kingine kinachopenda fokasi unarudi palepale. Mi kwa gemu KeyListener siigusi, natumia Key Bindings, yaani kufunga kibonyezo na kazi yake moja kwa moja: chukua panel.getInputMap(JComponent.WHEN_IN_FOCUSED_WINDOW), mpe KeyStroke.getKeyStroke("LEFT") na jina lolote, jina hilohilo ulisajili kwenye getActionMap() pamoja na Action yako (kodi ya kufanya kazi yenyewe). Hapo fokasi ikae popote ndani ya dirisha, mshale unasikika, labda JTextField (kisanduku cha kuandikia) ndo iwe imeshika maana hiyo mishale ya kushoto na kulia inaila yenyewe kwanza.

mgeni_wa_java
Nimebadilisha, kushoto na juu vimekubali! Ila nikishikilia mshale kiboksi kinaruka mara moja, kinasita, ndo kinaanza kukimbia. Na kulia hakiendi kabisa.

babu_kodi
Kusita ni mfumo wa kompyuta huo, ukishikilia kibonyezo unasubiri kidogo ndo uanze kurudiarudia. Usisogeze kiboksi ndani ya Action. Ukibonyeza weka boolean (kigeu cha ndiyo/hapana) iwe true, ukiachia ("released LEFT") iwe false, halafu javax.swing.Timer (saa inayorudia kazi) ya milisekunde 16 ndo isogeze.

usiku_mwema
Hiyo ya kulia umeandikaje? Ikiwa si "RIGHT" yote kwa herufi kubwa, getKeyStroke inarudisha null (hamna kitu) na put ya InputMap inainyamazia, huoni hata onyo.

mgeni_wa_java
Duh, "Right" 🤦 Nusu saa nzima nabishana na herufi!