Salfa uvunguni, korosho sebuleni, halafu mama ndiye anaitwa mchafu

Wakuu wa Mtwara na Lindi, uzi huu ni wa malalamiko na sitaulainisha. Kila likija suala la nyumba chafu, lawama zinamshukia mtu mmoja tu, mama mwenye nyumba. Haamki mapema, hajui kupanga, hakufundwa vizuri. Ingieni basi kwenye hizo nyumba, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Ruangwa na Nachingwea, mwangalie kilichojaa humo, na kingi kimeingizwa na wanaume, si mama. Uvunguni mwa kitanda kuna mifuko ya salfa iliyobaki msimu uliopita. Sebuleni magunia ya korosho yanangoja mnada. Kando ya kabati la vyombo kuna bomba la kupulizia, chupa za dawa ya shamba, matairi mawili ya pikipiki na vipande vya mabati vilivyobaki kwenye ujenzi. Hiyo si nyumba chafu, hilo ni ghala ambalo watu wanalala ndani yake, na hakuna ufagio wa chelewa unaoweza kulisafisha.

Na ghala lenyewe halipumziki. Ufuta unaingia mwezi wa tano na wa sita, mbaazi zinafuata kuanzia wa nane, korosho kuanzia wa kumi, na korosho hazijatoka zote mvua nayo imeshaanza, hakuna tena pa kuanika. Halafu anatokea mtu mtandaoni na ushauri wake: nunua maboksi ya plastiki yenye mifuniko, panga kwa rangi. Nyumba imezidiwa na vitu, na dawa anayoitoa ni kuongeza vitu!

Nianze na salfa, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Ule unga wa njano kazi yake ni kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye mikorosho. Si kitu cha kulala nacho. Vumbi lake linawasha macho, koo na mapafu, na mwenye pumu hupata taabu mara moja. Tena linashika moto. Cheche ya jiko la mkaa au kibatari kilichoanguka vinatosha, na moshi wa salfa inayoungua unakaba pumzi vibaya sana. Mfuko uliokwisha kufunguliwa, hata ukikunjwa mdomo, hutema vumbi kila anayelala juu yake anapojigeuza. Ukifagia kwa ufagio mkavu unalirusha hewani, linashuka kwenye neti, kwenye mito na kwenye vyombo vya chakula. Ikimwagika, funga pua na mdomo kwa kitambaa, nyunyiza maji kidogo ili unga utulie, ukusanye kwa kipande cha boksi, kisha futa sakafu mara mbili kwa kitambaa kilicholoa. Kitambaa hicho kisirudi jikoni.

Salfa ikae nje: kwenye kibanda chenye paa na kufuli, juu ya vibao, mbali na jiko na mbali na chakula. Asiye na kibanda atafute pipa la plastiki lenye kifuniko kinachobana, aliweke kivulini nyuma ya nyumba pasipofikiwa na watoto. Pipa la chuma halifai, kwa sababu salfa na unyevu wa huku hula chuma. Na kabla ya kuchukua mifuko mingine, hesabu mikorosho yako na salfa uliyonayo. Nyingi inayolala uvunguni ilichukuliwa kwa kukisia.

Chupa za dawa ya shamba zilizokwisha ni balaa jingine. Watu wanazitunza "zitafaa", baadaye zinatiwa mafuta ya taa, au mbaya zaidi mafuta ya kula. Isuuze mara tatu dawa inapokwisha, kila mara maji ya suuza uyamimine ndani ya bomba yaende shambani, kisha itoboe chupa ili asije mtu akaitumia tena. Na vile vidonge vya kufukizia nafaka, tafadhalini sana, visiingie kabisa kwenye nyumba wanamolala watu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, inayoua watu sawasawa na wadudu. Kuziba pembe za gunia kwa nguo hakuizuii gesi hiyo. Kwa mbaazi na kunde iko njia salama, mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Kausha vizuri, jaza, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa. Ukiufungua kila siku kuchota bakuli moja umeharibu kazi yote, kwa hiyo cha kula wiki hii kitengwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Sasa vitu vyenyewe. Kosa linaloonekana kila mahali ni kutoa nyumba nzima kwa siku moja. Ikifika saa nane mchana watu wamechoka, uani hakupitiki, wingu limefunga, kila kitu kinarudishwa ndani kwa kusukumwa, na hali inakuwa mbaya kuliko asubuhi. Toa kona moja tu: uvungu mmoja, au kabati moja, au nyuma ya mlango mmoja. Na anza na uani, si chumbani, kwa sababu bila nafasi nje huna pa kutandika mkeka wa kuchambulia.

Kwenye mkeka, jambo la kwanza ni kutoa takataka zisizo na ubishi, yaani viroba vilivyochanika, ndoo zilizopasuka, kandambili za mguu mmoja, chaja zilizokufa. Msikae kubishana juu ya vyombo vya marehemu bibi wakati takataka bado zipo. Vyuma chakavu viwekwe gunia moja na viuzwe wiki hiyo hiyo anapopita mnunuzi. Visipouzwa vinageuka nyumba ya nge na panya. Sufuria za watu zirudi kwa watu. Huku kwetu kila baada ya msimu wa unyago na jando, nyumba moja inabaki na sufuria kubwa na mabeseni ya nyumba sita, na hakuna anayekuja kuchukua. Kikundi cha shughuli kiwe na daftari na mahali pamoja pa kutunzia vyombo, kisimgeuze mwanachama mmoja kuwa stoo. Chochote kinachobaki kipewe mahali kabla hakijaingia ndani. Kisichopata mahali hakirudi.

Mchango kutoka Masasi:
Mleta uzi, kwa salfa nakuunga mkono. Ila korosho unataka tuziweke wapi? Zikilala nje zinaibiwa, na ghala la chama cha msingi cha ushirika halipokei kabla ya muda wake. Usiwalaumu wanaume kwa jambo la usalama wa mali ya familia nzima.

Mleta uzi:
Mkuu, sijasema zilale nje. Nasema mnaziingiza vibaya, kisha mnaondoka. Korosho iliyokusanywa leo ikitiwa kwenye gunia bila kuanikwa inapata ukungu, inaleta harufu, na ghalani inashushwa daraja. Anika juani siku mbili au tatu, uzigeuze, mpaka ukizitikisa mkononi zilie. Tia kwenye magunia ya katani, si viroba vya plastiki vinavyozuia hewa. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Weka chaga za mbao au miti iliyoinuliwa juu ya matofali, na uache nafasi mtu apite ubavu kati ya magunia na ukuta, aone panya na mchwa kabla hawajala. Magunia yaliyobandikwa ukutani ndiyo daraja la mchwa kupanda hadi kwenye kenchi. Chumba kiwe kimoja, na kisiwe cha kulala. Mtoto asikae wala kulala juu ya magunia hayo. Mafuta ya ganda la korosho iliyopasuka yanababua ngozi, na makovu yake mnayajua. Na aliyeleta magunia ndiye anayefagia chumba hicho. Ghala likifunguliwa, gunia la kwanza linaondoka siku hiyo.

Mchango kutoka Newala:
Mmesahau maji. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kuhangaikia, kwa hiyo msituambie tupunguze madumu na mapipa. Tatizo ni namna yanavyooshwa. Watu wanamwaga maji ya chini na kujaza upya, wakati mayai ya mbu wa dengue yamenata ukutani juu ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja kuloa. Pipa lisuguliwe kwa brashi ngumu au makumbi ya nazi, kuta zote, kila wiki, kwa sababu yai kuwa mbu anayeruka huchukua kama wiki moja au siku kumi. Dumu la mdomo mwembamba litie kokoto ndogo konzi mbili, sabuni na maji lita moja, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Mdomo wa pipa ufungwe kwa kipande cha neti na ukanda wa mpira wa tyubu. Vifuniko vya bati vilivyopinda havizuii kitu. Tairi analolitunza mtu alitoboe chini matundu manne, au aliondoe. Na maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe palepale nyuma ya jiko mpaka pakawa tope, maana mbu wa matende anapenda maji machafu yaliyotuama.

Mchango kutoka Lindi mjini:
Naongezea mabegi ya shangazi kaja. Nguo za sikukuu na vitenge vinashindiliwa humo mwaka mzima juu ya kabati, na upepo wa bahari huu! Plastiki inafungia unyevu, zinatoka na madoa meusi. Nguo zianikwe kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane, zipoe kabisa kivulini, ndipo zikunjwe. Zikikunjwa zingali na joto, jasho linabaki humo humo. Karafuu chache kwenye kitambaa zinatosha kwa harufu. Vile vidonge vyeupe vya naftalini msiweke kwenye nguo za mtoto mchanga. Wapo watoto ambao damu yao inaharibika kwa mvuke wake, na huwezi kumjua kwa kumtazama.

Kabati lisogezwe kiganja kimoja kutoka ukutani, upepo upite. Ukungu wa ukuta wa saruji futa kwa maji ya klorini, kikombe kimoja cha klorini ya maji (jiki) kwa vikombe tisa vya maji, acha dakika kumi, suuza, fungua madirisha. Kwenye mbao klorini haiingii ndani, ukungu unarudi. Osha kwa sabuni kisha kausha juani. Klorini msiichanganye na dawa ya choo yenye asidi kwa kudhani itang'arisha zaidi. Inatoka gesi inayounguza mapafu, na vyoo vyetu vingi vina kidirisha cha tofali moja.

Mleta uzi:
Asanteni. Nimalizie kazi za kila siku, maana nyumba ikishapunguzwa vitu, kinachoirudisha kwenye fujo ni vyombo vya usiku na sakafu.

Sufuria ya ugali, hasa wa muhogo, iloweshwe maji baridi mara tu ugali unapopakuliwa. Maji ya moto yanaupika upya na kuugandisha. Sufuria ya kupikia kwa kuni ipakwe nje sabuni ya mche au majivu yaliyoloa kabla haijawekwa motoni. Masizi yatashika sabuni badala ya sufuria, yatatoka kwa kitambaa tu. Anayekula wa mwisho anakusanya vyombo, awe baba, mjomba au mgeni aliyezoea. Mtoto wa miaka sita anaweza kuosha vikombe vya plastiki na kukunja mkeka. Wa miaka kumi anafagia uwanja, wa kiume pia, na naandika hili makusudi kwa sababu kuna nyumba wavulana watatu wanakaa barazani huku msichana mmoja, ambaye kesho ana mtihani, anasugua masufuria mpaka saa nne usiku.

Mchanga wetu huu unaingia kila mahali, kwa hiyo weka gunia kuukuu la katani nje ya kila mlango watu wafutie miguu, na ulikung'ute jioni. Fagia kuanzia kona ya mbali kuja mlangoni, nyunyiza maji kwanza. Buibui na vumbi la juu vitolewe kabla ya sakafu. Kila Jumamosi au Jumapili, siku wote wapo, kila mtu ainue kilichoko uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe na akionyeshe.

Na salfa ikikutwa humo, aliyeiweka aitoe mwenyewe siku hiyo hiyo, afute sakafu, aoshe neti. Asiitwe mama.